Chungu cha Siku Arobaini

Paukwa!
Pakawa!
Jiwe la kilimani?
Lina mwenyewe!
Na mwenyewe akilala?
Tuhesabu siku!

Basi, hapo kale palikuwa na msichana, jina lake Mize. Mama yake alikwisha kufariki, akabaki na baba yake, Mzee Shaali, chini ya Kilima cha Ulanga. Kilima hicho kilijaa mawe ya kila namna: ulanga unaobanduka kama maganda ya kitunguu, bilauri nyeupe inayopenya nuru kama kioo, akiki nyekundu.

Lakini kilima kilikuwa na zimwi, nalo zimwi lilikuwa na ada yake:

Kilimia kikizama, nami nazama.
Kilimia kikizuka, nami nazuka.
Nitakayemkuta, simwachi.

Nyota za Kilimia hutoweka siku arobaini kila mwaka, wakati wa masika. Siku hizo arobaini zimwi hulala fofofo. Mvua huosha udongo, mawe yakachungulia, watu wakapanda kuyaokota. Siku ya arobaini na moja hapandi mtu.

Sasa, masika ni mawingu matupu. Nani ataiona nyota? Kwa hiyo Mzee Shaali ndiye aliyewahesabia watu siku. Kila alfajiri alitia jiwe moja katika chungu, kisha akayamwaga yote mkekani, akayahesabu upya.

“Kichwa husahau,” alikuwa akisema. “Chungu hakisahau.”

Mize alipotimiza miaka tisa, baba yake akaanza kumchukua kilimani. Ikawa furaha isiyo na kifani. Mize huinama, huokota, huuliza.

“Hili je, baba?”

“Akiki, mwanangu.”

“Na hili je, baba?”

“Bilauri. Liinue juani, ulione moyo wake.”

“Na hili je, baba?”

“Hilo ni la mbuzi, mwanangu. Litupe, unawe mikono.”

Wakacheka hadi wakakaa chini.

Siku moja, nayo ilikuwa ya kumi na saba, Mzee Shaali alitia chunguni akiki ndogo, nyekundu kama kaa la moto, yenye mshipa mmoja mweupe. Mize akaiona. Baba alipokwenda kuchanja kuni, akaitoa, akaifunga katika pindo la kanga yake.

“Nitaweka jiwe jingine,” alijiambia. Akatoka kulitafuta. Mvua ilikuwa imekatika, na uani kulikuwa na kipande cha ulanga kinachometameta. Akakifuata kile, akakuta kingine, akakuta cha tatu. Jua lilipopanda, alikwisha kusahau alichotoka kukitafuta.

Jioni hakukumbuka. Kesho yake hakukumbuka. Na baba yake, kwa kuwa alikiamini chungu kuliko kichwa chake, alihesabu kumi na saba mara ya pili, wala asishtuke.

Siku zikapita. Alfajiri moja Mzee Shaali akamwaga mawe mkekani, akahesabu, akapata arobaini kamili.

“Leo ndiyo ya mwisho, Mize. Chukua kikapu.”

Njiani wakakutana na jirani yao, Bi Kazija, amebeba mtungi.

“Mnakwenda wapi, Shaali? Mimi naona leo ni ya arobaini na moja!”

“Wewe, Kazija, unahesabu kwa vidole, na vidole vyenyewe vimeshika mwiko.”

“Haya, msomi wa chungu! Mimi sipandi.”

Wakapanda wawili, kabla watu wengine hawajaamka. Walipofika juu, ardhi ikatikisika. Jabali likainuka, likawa mabega. Jabali likageuka, likawa uso.

“Nani yuko kifuani pangu?”

Kimya.

“Nani yuko kifuani pangu?”

Kimya.

“Nani yuko kifuani pangu?”

“Ni mimi, Shaali, na binti yangu,” akajibu mzee. “Leo ni ya arobaini. Bado siku yako.”

“Kilimia kimezuka alfajiri ya leo nyuma ya mawingu, nami nimezuka. Leo ni ya arobaini na moja. Nani aliyehesabu?”

Hapo ndipo Mize alipokumbuka. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pindo la kanga. Fundo likafunguka, akiki ikaanguka miguuni pa baba yake.

Mzee Shaali akaitazama. Akautambua ule mshipa mweupe. Akamtazama binti yake, kisha akaiokota, akaitia katika kiganja chake, akakifumba.

“Baba, ni mi...”

“Nyamaza, mwanangu.” Akaligeukia zimwi. “Chungu ni changu na hesabu ni yangu. Mtoto huyu hajui kuhesabu. Niliyekosea ni mimi.”

“Basi leo nitamwacha mtoto, nitamchukua aliyehesabu.”

“Mize,” baba akasema, “shuka. Hesabu hatua zako. Usigeuke mpaka zitimie arobaini.”

Mize akashuka. Moja, mbili, tatu. Machozi yakamziba macho, lakini hatua hakuikosea hata moja. Ya thelathini na tisa. Ya arobaini. Akageuka.

Zimwi halikuwapo. Baba hakuwapo. Palikuwa na jiwe ambalo halikuwapo kabla, limekunja magoti kama mtu anayechambua mawe.

Kijijini watu walikusanyika, wakalia. Bi Kazija akasema, “Nilimwambia mimi! Maskini Shaali, hesabu zilimpotea.”

“Hazikumpotea,” Mize akasema mbele ya wote. “Ni mimi niliyetoa jiwe chunguni, nisilirudishe. Baba hakukosea.”

Tangu mwaka ule Mize ndiye aliyewahesabia watu siku. Na kila mwaka, siku ya arobaini, alipanda kilimani peke yake, akakaa karibu na lile jiwe, akafungua kikapu.

“Hili je, baba?”

“Na hili je, baba?”

“Na hili je, baba?”

Kisha akashuka kabla ya jua kuchwa, akihesabu hatua.

Hadithi yangu imeishia hapo, wajukuu zangu, kwenye hatua ya arobaini. Ukiondoa kitu mahali pake, kirudishe upesi. Na ukisahau kukirudisha, sema upesi. Kosa dogo likinyamaziwa, hulipiwa na anayekupenda.