Ndimu Kati ya Vitanda Viwili

Mchonga kitanda hakeshi na mtoto. Methali hii ilianza na ndimu.

Ndivyo Bi Mwanakombo alivyowaambia vijana waliokuwa wakimsaidia kupukuchua mahindi barazani kwake. Asubuhi ile walikuwa wamemsikia akimtupia maneno hayo mwashi aliyekuja kupanga choo cha shule bila kuwauliza walimu wala watoto. Mwashi akakunja kamba yake ya kupimia, akaenda kuwauliza. Vijana wakashangaa maneno matano yanawezaje kumgeuza mtu mzima njiani. Wakataka kujua yametoka wapi.

Bi Mwanakombo akaweka gunzi chini, akasimulia.

Hapo zamani hapa Kwamsanja aliishi mwanamke kijana aliyeitwa Siwatu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa tisa. Siwatu alikuwa mwenye haya. Shule aliiachia darasa la nne, na katika miaka yote minne hakuinua mkono hata mara moja, hata pale alipolijua jibu na wenzake wakachapwa kwa kutolijua. Akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, aliitikia mara moja tu, kwa sauti ya kugawana.

Mchana mmoja alikuwa amejilaza. Kichefuchefu kilikuwa hakijamwacha, kwa hiyo alikuwa na ndimu ya kunusa. Alipochoka kuishika, aliiweka kwenye kitanda kidogo kilichokuwa ubavuni mwake, akajigeuza upande wa pili. Mara akasikia kitu kimedunda sakafuni. Akainuka kuangalia. Ndimu ilikuwa uvunguni.

Akavitazama vitanda vile viwili, chake na kile kidogo. Vilikuwa vimegusana, ubao kwa ubao. Hata jani la mgomba lisingepita. Sasa ndimu ilipita wapi?

Kitanda kidogo kilikuwa cha mtoto. Kilikuwa na kuta tatu tu; upande wa nne ulikuwa wazi, umesogezwa kwenye kitanda cha mama, ili mama anyooshe mkono tu na kumvuta mwanawe anyonye. Kilikuwa cha mti wa mvule, na kila ukuta umechongwa maua na majani, mmoja umetobolewa matundu ya urembo. Watu walikuja kukitazama kama watu wanaokuja kumtazama bibi arusi.

Kilikuwa kimeletwa na Shangazi Mwanjaa, dada wa baba wa Mhina, mume wa Siwatu. Zamani hizo mwenye mimba hakuulizwa habari ya vitu vya mtoto. Kuvichagua, kuvishika, hata kuvitaja kabla mtoto hajalia kulihesabiwa kuwa ni kuitangulia riziki. Kitanda cha mtoto wa kwanza kilichaguliwa na shangazi wa mume. Akikileta, mwenye mimba huinamisha kichwa, basi. Kwa Siwatu desturi hiyo haikuwa nzito. Kuinamisha kichwa ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote.

Alijilaza tena, taratibu, akapeleka kidole pale vitanda vilipokutana. Kidole kikazama. Akaongeza cha pili, kikaingia. Akainuka, pengo likajifunga. Akalala, likafunguka.

Hapo akaelewa. Kitanda chake kilikuwa cha kamba. Siku chache kabla fundi hajaja kupima, shangazi aliagiza kiwambwe upya, kikakaza kama ngoma. Fundi akapima kitanda kitupu kilichokaza, akachonga kidogo cha kukaa nacho sawasawa. Lakini kamba hulegea, na viungo vya matendegu, yaani miguu ya kitanda, huanza kucheza. Mtu akilala, kamba huzama katikati na kuivuta mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, zipinde kwa ndani. Mtu akiinuka, mbao hurudi mahali pake. Pengo lilikuwapo kwa yule aliyelala tu. Waliosimama wote hawakuweza kuliona.

Mhina aliporudi kula, mikono ina grisi ya baiskeli za watu, Siwatu alimpakulia ugali akakaa pembeni.

"Mhina, kile kitanda..."

"Enhe! Kizuri, eh? Pale kibandani wananiuliza kama ninazaa sultani."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Kizuri."

Kesho yake vidole vitatu viliingia. Keshokutwa vinne. Siwatu akajaribu tena kusema.

"Kuna pengo," akasema.

Mhina akaingia chumbani, akainama, akapitisha kiganja pale vitanda vilipokutana. "Liko wapi?"

"Nikilala."

"Ukilala unaota, mke wangu." Akacheka, akamfunika bega kwa khanga iliyomtoka. Hakuwa mtu mbaya. Siwatu naye akatabasamu, kwa kuwa ndicho alichozoea kufanya maneno yake yakianguka chini.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri hata mchana. Alijaribu kuziba pengo kwa khanga kuukuu alizozisokota. Lakini alipoweka uso wake mwenyewe juu ya nguo zile, alihisi pumzi inamrudia puani, moto. Akazitoa upesi. Shangazi Mwanjaa alipopita na kusikia kwamba mkwewe hana raha, alileta mito minne ya sufi, laini kama mawingu, akaipanga kitandani mwa mtoto kwa mkono wake.

"Mjukuu wangu atalala kama yuko peponi," akasema.

Neno hilo lilimwingia Siwatu kama baridi. Aliinamisha kichwa, akashukuru.

Siku ya Alhamisi, nyumba ikiwa tupu, alifanya jambo ambalo mwenye mimba hakupaswa kulifanya. Alipima pishi moja ya mchele, uzito wa mtoto mchanga, akaumimina katikati ya khanga, akaifunga kwa kamba. Juu yake akafunga mchele kidogo ukawa duara, kama kichwa. Alijua wakongwe wangesema nini: mtu anayetengeneza mtoto wa uongo anamfukuza wa kweli. Alilia kidogo, akamwomba Mungu radhi, akalificha furushi nyuma ya sanduku. Hakuthubutu kulijaribu. Alichoogopa zaidi ni kuwa na hakika, kwa maana mwenye hakika hana budi kusema.

Ijumaa baada ya swala, Shangazi Mwanjaa alikuja pamoja na Fundi Semkiwa aliyekichonga kitanda, mzee mrefu asiyependa maneno. Walikuja kufunga kazi. Desturi ilikuwa fundi apigilie msumari wa mwisho mbele ya shangazi, na baada ya msumari huo kitanda hakiguswi wala hakibadilishwi hadi mtoto atimize arobaini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkwe wangu. Mh! Tumbo limeshuka. Fundi, piga msumari wako, huyu hafiki Jumatatu."

Siwatu alisimama kizingitini mwa chumba. Fundi alikuwa ameshapiga magoti, nyundo mkononi, msumari ameubana kwa midomo.

"Shangazi, naomba..."

"Sema, mwanangu. Umemeza nini?"

"Naomba ulale."

"Nilale? Nani kakwambia naumwa?"

"Kitandani kwangu. Kidogo tu."

Shangazi Mwanjaa, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, alicheka mpaka akajishikilia ukutani. "Haya makubwa! Fundi, umesikia? Ninaambiwa nilale mchana kweupe kitandani kwa mkwe wangu, na mwanamume yumo chumbani! Sitaki, mwanangu. Kesho nitaimbwa kisimani. Piga msumari, fundi."

Fundi akautoa msumari mdomoni, akauweka kwenye ubao.

Siwatu aliutazama msumari ule. Aliona kila kitu kwa mbali, kama mtu anayetazama kutoka ndani ya kisima.

"Shangazi, lala," akasema. "Tafadhali. Halafu ndipo apige."

Kicheko cha shangazi kikakatika. Katika miaka miwili ya ndoa hakuwahi kumsikia binti huyu akirudia neno.

"Fundi," akasema polepole, "geukia ukuta."

Fundi akageuka. Shangazi Mwanjaa akapanda kitandani, na kitanda kikalia kwa uchungu.

"Lia tu," alikiambia kitanda. "Mwenzio kule nyumbani ameshazoea."

"Lala ubavu, shangazi, kama unayenyonyesha." Siwatu akatoa furushi nyuma ya sanduku.

"Nini hicho?"

"Mchele."

"Mchele una kichwa?"

Siwatu hakujibu. Aliiondoa mito, akalilaza furushi kitandani mwa mtoto, karibu na kifua cha shangazi. "Sasa jigeuze. Kama mtu aliyechoka, mtoto ameshiba."

Shangazi akajigeuza. Kamba zikazama, ubao wa ubavuni ukavutwa ndani. Furushi likabiringika mara moja, upande wa chini ukaingia pengoni. Likateremka, si kwa haraka, bali polepole, kama maji yanayotafuta njia, mpaka kichwa kikakwama juu, uso wa khanga umebanwa kwenye mti.

"Tayari?" shangazi akauliza, na kwa kuwa hakujibiwa, akageuza shingo. Akaona. "Yarabi!" Akaanza kuinuka ili alikamate.

"Usiinuke!" Fundi alikuwa ameshageuka. "Mwanjaa, usiinuke!"

Alichelewa. Uzito ulipotoka kwenye kamba, ubao ulirudi mahali pake. Vitanda vikagusana. Kamba ya furushi ikakatika, na wote watatu wakasikia mchele ukisagika kati ya mbao.

Punje zilikuwa zikidondoka sakafuni moja moja. Shangazi Mwanjaa alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mitupu imenyooshwa vilevile, kama bado anapokea kitu.

"Mama angeinuka ili amwokoe," akasema hatimaye, kwa sauti isiyo yake.

Fundi Semkiwa akaketi chini, nyundo mapajani. "Nilikipima kitupu," akasema. "Miaka thelathini ninapima vitanda vitupu. Nikimaliza kuchonga nachukua randa yangu, naenda kwangu nalala usingizi wangu. Nitajuaje?" Akatikisa kichwa. "Kumbe mchonga kitanda hakeshi na mtoto."

Halafu akamgeukia Siwatu. Hakumtazama shangazi wala mlango ambao Mhina alitarajiwa kuuingia. "Binti, wewe ndiye utakayekesha naye. Unataka kiweje?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Siwatu swali na kisha akasubiri. Alichukua muda, na fundi akasubiri muda wote huo.

"Kiwe na kuta nne," Siwatu akasema. "Kisimame chenyewe. Ukiweka fito, nafasi kati yake ngumi yangu isipite. Godoro gumu, lijae mpaka pembeni. Mito sitaki."

"Na maua yangu?"

"Ni mazuri, babu. Lakini ule ukuta wa matundu, kichwa kinaweza kupita."

Fundi akaguna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kesho yake alirudi na msumeno. Alikata ua moja moja, akaziba matundu yote, akaongeza ukuta wa nne, mfupi, ambao mkono wa mama ungeweza kupita juu yake. Kitanda kikawa kibaya kuliko kreti la nyanya. Watu hawakuja tena kukitazama.

Jumatatu usiku Siwatu alishikwa na uchungu, na kabla jua halijachomoza alijifungua mtoto wa kike. Mtoto akalala ndani ya kitanda kile kibaya, chali, bila mto, na mama akawa anaweka kiganja juu ya ukuta mfupi, anamsikiliza akipumua.

Habari ya mchele ikazunguka kijiji. Tangu hapo Fundi Semkiwa hakukubali kuchukua kipimo hadi aletewe yule atakayekitumia kitu. Wateja wakilalamika, aliwajibu kwa maneno yaleyale, nao wakayapeleka mashambani, sokoni, na kwenye mabaraza ya wazee. Mtu akitaka kuamua jambo ambalo taabu yake itabebwa na mwingine, ataambiwa aende akamuulize mbebaji kwanza. Na Siwatu akasifiwa. Walisema ni jasiri, walisema ukimya wake ulikuwa wa simba.

Siku ya arobaini Shangazi Mwanjaa alimpakata mtoto, akamwimbia sifa za mama yake mbele ya wanawake wote. Wanawake walipotoka kwenda kupakua chakula, wakabaki wawili na mtoto. Siwatu alikuwa akikunja nguo ndogo ndogo. Alisema bila kuinua macho.

"Wanasema mchonga kitanda hakeshi na mtoto, halafu wananisifu mimi. Usinisifu, shangazi. Mimi niliyelijua pengo, siku ile ungenikatalia mara ya pili, ningenyamaza. Ningesema moyoni: mwacheni apige msumari. Na mtoto huyu ningemlaza humo."