Mayai ya Bi Kanga Yaliyokataa Kuzama

Hapo zamani za kale, enzi ambazo ndege walikuwa na majiko yao na kenge bado hajajua aibu, aliishi Bi Kanga. Masika yaliyotangulia, mafuriko yalizoa mayai yake yote. Safari hii alijaliwa mayai machache tu, ndiyo kwanza ameanza kuyaatamia, na kwa kuyaogopea alisahau hata kula.

Asubuhi moja, mlango ukapigwa teke. Puu!

"Toa mayai!" Alikuwa Kenge, mkia wake ukifyeka majani.

"Mungu wangu! Bwana Kenge, nihurumie, sina mengine!"

"Nikikuhurumia wewe, tumbo langu atalihurumia nani? Hunijui? Mimi ndiye yule wa kwenye msafara wa mamba!"

Masikini, alidhani ile methali inamsifu.

"Ila nayapima kwanza," akasema. "Juzi nilimeza yai viza, nikashinda kichakani naharisha. Lete beseni la maji! Linalozama nakula. Linaloelea ni viza, sitaki hata kulinusa."

Msicheke, hata bibi zenu hupima hivyo.

Sasa, jirani Kindi, kale kadogo kenye mkia mkubwa, alikuwa jikoni akiomba moto. Alisikia yote. "Shikamoo, Bwana Kenge! Maji naleta mimi!"

Akajaza beseni, akanyakua mfuko wa chumvi na kuumwaga wote, chwaa! Akakoroga, akakoroga, mpaka haikuonekana hata punje, ndipo akalipeleka mbele ya Kenge.

Kenge akatoa ulimi aonje. Kindi akaruka mbele yake, paa!

"Usionje, mzee! Hayo ndiyo aliyonawia miguu Bi Kanga, na jana alikanyaga mavi ya fisi!"

"Ptuu!" Ulimi ukarudi ndani.

Yai la kwanza likatiwa. Likaelea! La pili, likaelea! Yakatiwa yote, yote yakabaki juu.

"Lo! Lo! Lo!" Kenge akarudi nyuma, macho yamemtoka. "Yote viza? Mama gani wewe unayeatamia uozo? Nyumba hii ina balaa!" Akatoka mbio.

Bi Kanga akaanguka chini. "Wanangu! Wanangu wameoza!" Hapa roho huniuma kila nikisimulia, maana masikini hakuambiwa kitu.

"Nyamaza, mama," Kindi akanong'ona. Akasuuza yai moja, akalitia kwenye sufuria ya maji matupu. Dubwi! Likazama mpaka chini.

Bi Kanga akashika mdomo. "Yai si ni lile lile? Uchawi gani huu?"

"Ni chumvi yako. Maji ni chembe ndogo zisizoonekana, zinateleza zikipishana. Chumvi ikiyeyuka haipotei, mama. Chembe zake hujipenyeza katikati ya zile za maji. Beseni ni lile lile, lakini maji yamekuwa mazito kuliko yai, basi yakalibeba."

"Mfuko wangu wote?"

"Wote. Leo tunakula mboga chapwa."

Siku zikapita. Kenge akarudi njia ile, akamkuta Bi Kanga anatembea, vifaranga nyuma yake, chwi chwi chwi! Akaduwaa mdomo wazi, nzi akaingia, akatoka.

"Mayai viza... yanatembea?"

"Na kusalimu yanasalimu," Kindi akajibu kutoka mtini. "Haya watoto, mwamkieni!"

"Shikamoo, Bwana Kenge!"

Hadithi yangu inatua hapo, wanangu: anayetaka kupima yai, na apime maji kwanza.