Kijiko cha Bi. Mwanakombo

"Kipimo cha pwani hakiujui mlima." Bibi Edina Chaula alimrushia bwana shamba maneno hayo mkutanoni, mbele ya umati, pale alipowaamuru wapande kwa kalenda aliyokuja nayo kutoka pwani. Bwana shamba akafunga daftari lake. Jioni, vijana wakichambua viazi vya mbegu pamoja na bibi huyo, wakamwuliza maneno yale yalitoka wapi.

"Yalitoka kwenye tanuri la biskuti," akasema. "Sikilizeni, lakini mikono isisimame."

Zamani kijiji hiki cha Luhangamilo, huku juu ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi, kilipata darasa la mapishi. Mwalimu alikuwa Bi. Mwanakombo, mwanamke wa Tanga, nadhifu na mkali. Shingoni alivaa kijiko cha bati kwa uzi, kama wengine wavaavyo hirizi. Kijiko hicho ndicho kilichopima poda ya kuumulia biskuti: kimoja, kimejaa, kimesawazishwa kwa kisu. "Biskuti njema huvunjika kwa sauti," alifundisha. Sheria yake nayo ilikuwa fupi. Anayeharibu mara tatu anavua aproni, inatundikwa msumarini ukutani, naye anarudi shambani bila cheti.

Tuponile Sanga alikuwa ameshaharibu mara mbili. Biskuti zake ziliumuka upesi, zikatoa vitambi, kisha zikaanguka na kutandazika kama mavi ya ng'ombe. Wenzake wakamcheka: "Mkono wa viazi huo!" Lakini na zao zilianguka. Zilipoanguka za mwalimu mwenyewe, alilaumu kuni mbichi. Kwa wanafunzi alikuwa na dawa moja tu: "Umeibania poda. Ongeza." Wakaongeza, zikazidi kuanguka.

Rafiki yake Tuponile ndiye aliyetangulia kuvua aproni. Alikuwa msichana mwembamba asiyejibu mtu. Aliivua, akaitundika mwenyewe, akatoka ameinamisha kichwa. Tuponile aliitazama aproni ile kila siku. Yeye alitaka cheti, alitaka tanuri lake mwenyewe, na hakutaka kuambiwa kwamba mkono uliolima tangu utotoni haufai kukanda unga.

Siku moja alitumwa sukari dukani. Lori lilikuwa limefika kutoka bondeni, na paketi za biskuti zimepangwa rafuni zimevimba kama ngoma.

"Hizi zimeoza, baba?" akamwuliza mwenye duka.

"Zioze vipi, mwanangu! Chini huko zilikuwa zimelala doro. Zikipanda mlima zinavimba zenyewe. Kila lori ni hivyo hivyo."

Tuponile aliishika moja, akaibonyeza. Ikamrudisha kidole. Kama hewa iliyofungwa paketini huvimba huku bila kuombwa, akawaza, basi na ile inayotolewa na poda ndani ya unga huvimba kupita kiasi. Biskuti inainuka kabla haijaiva, inakosa pa kujishikiza, inaanguka. Alirudi mbio. Sukari nusura aisahau.

Siku ya jaribio lake la tatu, alipewa kijiko. Alikijaza, akakisawazisha kwa kisu. Kisha, watu wakimwona, akairudisha nusu ya poda koponi.

"Wewe binti! Jaza hicho kijiko."

"Hapana, Mwalimu."

Darasani mle hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo.

"Kijiko hiki kimeoka Tanga miaka ishirini," akasema Bi. Mwanakombo. "Hakijanidanganya hata siku moja."

"Huko Tanga hakidanganyi, Mwalimu. Hapa kinatudanganya sote. Nawe pia, ila wewe unazisingizia kuni."

"Mama yangu wee!" mtu akanong'ona nyuma.

"Haya. Tuone kama kiburi huumua unga. Zikianguka, usingoje nikuambie. Msumari unaujua ulipo."

"Na zisipoanguka?"

 Mwalimu alikunja mikono, akasimama kando ya tanuri. Hakuna aliyekaa. Tuponile alisikia harufu ya siagi, na macho hakuyainamisha.

Trei ikatoka. Biskuti zilikuwa zimesimama, za mviringo, kingo zimepata rangi ya asali. Zilipopoa, Bi. Mwanakombo alichukua moja, akaiweka karibu na sikio, akaivunja. Kach! Akavunja ya pili. Kach! Ya tatu aliitafuna taratibu mpaka ikaisha, akavua kijiko shingoni.

"Nipeni msumari."

Msumari uliokuwa karibu ni ule wa ukutani. Tuponile aliung'oa mwenyewe, na aproni ikamwangukia mikononi. Kwa ncha ya msumari ule, Bi. Mwanakombo alichora mstari katikati ya kijiko chake, akaukoleza mara tatu.

"Kipimo cha pwani hakiujui mlima," akasema, kwa sauti ndogo lakini wote wakasikia. "Itundike hiyo aproni mahali pengine."

"Haitundikwi tena, Mwalimu. Ni ya Edina. Nampelekea."

Akatoka bila kuomba ruhusa.

Vijana walisahau viazi. "Bibi! Edina ndiye wewe?"

"Nilisema mikono isisimame." Bibi Edina alitupa kiazi kilichooza pembeni. "Alinikuta kwenye matuta, nina udongo hadi viwikoni. Akanivisha pale pale, juu ya tope. Nilikuwa msichana nisiyejibu mtu. Leo mmenisikia nikijibu. Mimi nimezeeka, na yule bwana atarudi na kalenda yake. Atajibiwa na nani?"

Walimjibu wote kwa pamoja, hata aliyekuwa mdogo kuliko wote:

"Kipimo cha pwani hakiujui mlima!"