Ngamia, Mbuzi na Vya Kati

Hapo zamani, katika mji ambao watu wake walikuwa na akili za kuwatosha, alitawala Sultani Zahrani, aliyefundishwa hesabu ukubwani, ikawa balaa. Mwalimu wake, Shaibu, alimfunza uwiano: cha kwanza kwa cha pili ni kama cha tatu kwa cha nne; na vya kati, yaani cha pili na cha tatu, vikibadilishana mahali, uwiano hauharibiki. Basi Sultani akawa hawezi hata kuomba maji bila kuyalinganisha na kitu.

Siku moja akatangaza barazani, "Sultani kwa raia ni kama ngamia kwa mbuzi," na kwa hoja hiyo akatuma askari wakusanye mbuzi wote wa raia kwa karamu yake. Hoja yenyewe haikushikana popote, lakini askari walikuwa na mikuki.

Bi Mwanakombo, mjane msusi wa mikeka, alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, na zaidi ya huyo hakuwa na kitu ila ulimi. Akaja ikulu, akamkuta mbuzi wake amefungwa mlangoni pa jiko, kisu kinanolewa.

"Seyidi wangu, nimemfuata mbuzi wangu."

"Wako kwa hoja gani?" akasema Sultani. "Nithibitishie kwa uwiano ule ule nilioutamka, usiongeze kitu wala usipunguze. Ukishindwa, analiwa, nawe utaosha sufuria."

"Vyema. Mwalimu, vya kati vikibadilishana, kuna kinachoharibika?"

"Hakuna," akajibu Shaibu, akifurahi kuulizwa.

"Basi Sultani kwa ngamia ni kama raia kwa mbuzi. Seyidi, yule ngamia pale uani, wewe kwake u nani?"

"Mwenyewe."

"Nami kwa mbuzi ni vivyo hivyo."

Sultani akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama mkeka.

"Na nikisema ngamia si wangu?"

"Basi hana mwenyewe. Nipe kamba, bwana, nirudi na wawili."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, akaamuru kila mbuzi arudishwe kwao. "Na ngamia nakutunuku, mama."

"Ahsante, seyidi wangu, simtaki. Mimi nikiwa mwenye ngamia, wewe itabidi uwe raia mwenye mbuzi. Na mikeka, bwana, hujui kusuka."

Sultani akacheka tena kidogo, kisha akahesabu kwa vidole, akaacha kucheka. Tangu siku hiyo ngamia akawa analala chumbani mwa Sultani, naye Sultani akitaka maji husema, "Nipeni maji."