Sahani Iliyorudi Tupu

Wiki iliyopita niliuliza hapa hapa kwenye ibada: mgeni anakuwa jirani lini? Wote mkainamia simu zenu. Haya, simu mifukoni, nisikilizeni.

Kulikuwa na dada mmoja wa Tanga aliyehamia nchi ya baridi kali, mjamzito, mumewe akifanya kazi mji wa mbali. Siku moja akapika pilau, akafunika sahani, akampelekea mzee wa mlango wa pili. Kesho yake sahani ikarudi. Imeoshwa, inang'aa, tupu!

Hebu niambieni, kwenu sahani ya jirani hurudi tupu? Hata limau moja?

Akampigia dada yake simu. "Dada, imerudi tupu!"

"Tupu tupu? Hata chumvi? Mdogo wangu, hao hawakutaki. Fungasha urudi, usije ukamzaa mtoto kwa watu wasio na utu."

Akalia, akafungasha. Asubuhi akawahi kutoka, aende kumwambia mwenye nyumba kwamba anahama. Theluji imejaa barabara nzima. Mlangoni pa dada huyo, yule mzee kainama na koleo, anaichota na kuitupa kando.

"Babu, manispaa wamekuajiri?"

"Manispaa? Hao hawajawahi kufika huku."

"Sasa siku zote hizi nani alikuwa anasafisha hapa?"

"Umebeba mtoto wewe. Ukiteleza je?" Kisha akamtazama kwa wasiwasi. "Ile sahani, ilibaki na mafuta?"

Mnacheka. Dada naye alicheka mpaka akashika ukuta, akarudi ndani kufungua masanduku. Leo mwanawe anamwita yule mzee Babu.

Mmefurahi, eh? Basi tugeuke tujitazame. Mwafrika akidharauliwa ughaibuni, sisi tunafoka mitandaoni, na ni haki kufoka. Mimi wa kwanza. Lakini yule mwenzetu kutoka Burundi anakula peke yake meza ya mwisho kantini tangu muhula uanze, na jina tumeshampa: "Mkimbizi." Tunasema anajitenga, hasalimii kama sisi. Tumempima kwa limau! Ndugu zangu, jirani si yule anayerudisha ulichozoea kurudishiwa. Jirani ni yule aliyeogopa usiteleze. Na koleo tunalo, hatujalishika tu.

Kesho mchana chukua sahani yako, ukakae naye. Mwulize anaitwa nani.