Hesabu ya Watoto na Meno ya Chui

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa msitu, msitu una mkubwa, mkubwa ana swali.

Mkubwa alikuwa Chui. Watoto wa wenziwe aliwala mpaka waliosalia wakafichwa. Basi akamkabidhi Fisi daftari: nenda kahesabu watoto, kwa ajili ya maendeleo yao.

Fisi akaenda, kwata kwata kwata. "Hodi! Mna watoto wangapi?"

"Hatuna, bwana," akajibu Mama Swala.

Nyuma yake, kichakani: chya!

"Nani huyo?"

"Mimi, bwana. Nina mafua."

Kila mlango jibu lilikuwa hilo hilo. Fisi akaandika: Watoto, hakuna. Mafua, yapo.

Chui akanguruma. Akamwita Mama Pimbi, ambaye mwanawe wa kwanza aliliwa na Chui masika yaliyopita, na wa pili amefichwa katika ufa wa jiwe. "Wewe mdogo, tena mfiwa. Watakwambia. Usiponiletea majibu, nitaketi mlangoni kwako mpaka huyo wa pili atolewe na njaa."

Pimbi akaenda, tiki tiki tiki. Hata swali hakuuliza. Mama Swala alimkalisha, akalia naye, akamtoa mwanawe kichakani. "Kwako sifichi, shoga." Kila mlango vivyo hivyo. Daftari likarudi jeupe. Kifua cha Pimbi ndicho kilichojaa.

"Mkubwa," akasema, "watakwambia wewe mwenyewe, kila kitu. Ila hayo meno yako yanawasahaulisha hesabu."

"Yang'oe basi! Hesabu ikiisha utanirudishia."

Pimbi akashika jiwe. Ko! Ko! Ko! Yakafuata makucha.

Chui akaenda, pwata pwata. "Hodi! Mna fatoto fangapi?"

Mama Swala akamsogelea, akamtazama kinywani. "Nilikuwa na watatu, bwana. Wawili uliwala. Andika."

"Nilikuwa na tisa," akasema Kanga. "Wanane uliwala. Andika."

Mwisho, jiweni kwa Pimbi.

"Nilikuwa na wawili. Uliyemla aliitwa Kidoti."

"Hakuna nafasi ya jina."

"Andika pembeni."

Chui akaandika. Siku ya saba akafa njaa, kichwa juu ya daftari.

Mtoto wa Pimbi akatoka juani, akatazama huku na huku. "Mama, Kidoti yuko wapi? Mama, unalia?"

"Hapana, mwanangu. Ni mafua."

Ngano yangu imefika mwisho wake. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi. Na fundisho lake ni hili: karani akipiga hodi, mjibuni ukweli mtupu. Ila kwanza mwombeni acheke.