Gurudumu Lisiloachia

Waliokuwepo Kikokwe asubuhi ile ni hawa. Alikuwepo Hemedi bin Kirobo, mwenye fimbo mpya ya kuvulia. Alikuwepo Tawakali bin Kirobo, mdogo wake, wa baba mmoja na mama mmoja. Alikuwepo Mwanahawa binti Shehe, mke wa Hemedi, aliyekuwa akitafuta pweza kwenye madimbwi. Alikuwepo Abedi bin Sudi, fundi seremala, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Fundi Abedi tu. Hakuwepo mwingine. Nawataja kwa majina yao kamili kwa sababu tangu siku ile nimewasikia watu wengi wakisema kwamba walikuwepo.

Kikokwe ni jabali lililoingia baharini. Wengine huliita Kikokoni. Si sahihi, Kikokoni ni shamba lililo nyuma yake. Juu yake ni pakavu, lakini ukingoni jabali limeinama kuelekea majini, na hapo palipoinama pameota mwani unaoteleza, na chini ya mwani kuna chaza wenye makali. Samaki wakubwa hupita papo hapo, karibu kabisa na miguu ya mtu. Ndiyo maana watu hupapenda, na ndiyo maana hakuna avuaye pale peke yake.

Desturi ya Kikokwe ina umri mkubwa kuliko mimi. Mmoja hushika mshipi, na mwenzake husimama nyuma yake na kisu. Mwenye kisu hatazami bahari, wala hatazami samaki. Hutazama miguu ya mwenzake. Miguu ikianza kuteleza, hukata mshipi, na haombi ruhusa. Aliyekatiwa halalamiki, wala haulizi yule samaki alikuwa mkubwa kiasi gani. Samaki akipatikana, nusu ni ya mwenye kisu.

Ndugu hawa wawili walivua hivyo kwa mshipi wa mkononi tangu ujana wao. Kisha siku moja kolekole mkubwa alishika ndoano ya Hemedi, akamvuta hatua moja, akamvuta ya pili, na Tawakali akakata. Hemedi alimwona samaki akigeuza ubavu wake mweupe na kuzama. Kwa kuifuata desturi hakusema neno. Lakini moyo wake haukunyamaza. Alikuwa akila, mara tonge linasimama hewani.

"Baba Rukia," mkewe alimwambia, "hapa tunakula dagaa. Wewe unamla nani?"

Watu walidhani ni tamaa. Haikuwa tamaa, ilikuwa hofu. Aliogopa kuondokewa tena na kitu alichokwisha kukishika. Mwenye tamaa akishiba hulala. Mwenye hofu ya namna hii, hata akishiba, hulala amekunja ngumi.

Basi akaenda mjini, kwenye duka la vifaa vya uvuvi la Bwana Yusufali Gulamhusein, akitaka fimbo ya kuvulia na gurudumu lake la kukunjia mshipi. Yusufali alikuwa muuzaji wa kweli, hakumficha kitu. Alimwekea fimbo tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya kurushia chambo kidogo kwa samaki wadogo wa mchangani. Ya pili ilikuwa ya kadiri, ukiikaza inapinda mpaka katikati yake. Ya tatu ilikuwa ndefu na nene, na mtu mzima akiipinda kwa nguvu zake zote ni ncha tu iliyoinama. Alimweleza pia kwamba chumvi hula gurudumu, kwa hiyo alisuuze kwa maji baridi kila arudipo. Kisha akamwonyesha skrubu iliyo mbele ya gurudumu. Ukiilegeza, samaki akivuta mshipi unatoka. Ukiikaza, hautoki.

"Kwa kuvua mwambani chukua hii ya kadiri, bwana," alisema Yusufali. "Fimbo ipinde, na gurudumu liachie. Samaki mkubwa havutwi, anachoshwa. Unampa, unamnyang'anya, unampa tena."

"Ipi isiyoachia?"

"Zote zinaachia. Zimetengenezwa ili ziachie."

"Nikiikaza skrubu mpaka mwisho?"

Yusufali aliigusa ile skrubu kwa kidole. "Hapo hiyo kubwa haitaachia," alisema. "Lakini, bwana, ni lazima kitu kimoja kiachie. Samaki, au mshipi, au wewe."

Hemedi alichukua ile kubwa. Skrubu aliikaza palepale dukani, na alipofika nyumbani akaikaza tena kwa koleo.

Tawakali aliipokea ile fimbo, akaipima uzito mkononi, akairudisha. "Kaka, na kisu?"

"Kisu kilikuwa cha mambo ya mshipi wa mkononi. Hiki ni chombo kingine. Kisu kiache nyumbani."

"Haya, kaka," alijibu, kwa kuwa alilelewa kumjibu hivyo. Hata hivyo asubuhi alikichomeka kiunoni, chini ya shati.

Walipofika Kikokwe, Fundi Abedi alikuwa amekaa juu, pakavu, akitia chambo kwenye ndoano. Mwenye kisu wake alikuwa hajafika, kwa hiyo hakuteremka ukingoni.

"Hemedi! Hiyo ni fimbo au mlingoti wa bendera?"

"Usijali, Fundi. Kichwa cha samaki nitakuletea uchongee kiti."

Wakacheka. Kicheko hicho ndicho Fundi Abedi anachokumbuka kuliko yote, na hapendi kukisimulia.

Bahari ilikuwa imetulia kwa namna isiyopendeza. Mawimbi yalikuwa machache na yenye kuchelewa. Mwanahawa alikuwa ameinama kwenye dimbwi lake alipoona maji yanashuka mguuni mwake, kana kwamba mtu chini anayanyonya, kisha yanarudi, tena yakiwa baridi zaidi. Akajinyoosha.

"Baba Rukia! Pandeni juu. Madimbwi yanavutwa."

"Pweza wamekukimbia, sasa unatafuta sababu," alijibu mumewe bila kugeuka.

Naye hakurudia kumwita. Lakini aliuchukua mkuki wake wa pweza akapanda pakavu.

Samaki akashika. Ile fimbo nene iliinama ncha yake, kisha ikagoma. Gurudumu zuri hulia linapotoa mshipi. Hili halikutoa sauti yoyote. Kwa kuwa mshipi haukutoka, Hemedi mwenyewe ndiye aliyeanza kutoka. Tawakali, ambaye macho yake yalikuwa mahali yalipozoea kuwa, aliona kisigino cha kaka yake kinachora mstari mweupe katika mwani. Akachomoa kisu.

Hemedi alijua bila kutazama.

"Usikate!"

"Kaka, miguu!"

"Usikate, nimesema! Nishike mimi!"

Kisu kilikuwa tayari karibu na mshipi. Tawakali alikiangusha, akamkumbatia kaka yake kiunoni, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Tangu hapo hapakuwa na mtu aliyetazama miguu.

Maji yakaondoka. Yaliondoka mbali, mpaka mwani wote ukalala kuelekea baharini kama nywele zilizochanwa, na chaza wa chini, ambao hata Fundi Abedi hakuwa amepata kuwaona, wakaonekana. Palikuwa kimya. Mwanahawa anasema katika kimya kile alisikia matone yakidondoka kutoka kwenye mshipi.

Kisha maji yakarudi, yakawafunika wote wawili.

Fundi Abedi alikuwa amekwisha kukimbia. Alijitupa kifudifudi, akaukamata mkanda wa Hemedi, na wimbi lilipopita alikuwa bado ameushika. Hemedi alikuwa amelala mteremkoni, fimbo mikononi. Tawakali alikuwa chini zaidi, karibu na maji. Mkono mmoja ulikuwa umeng'ang'ania chaza, na damu ilikuwa ikitoka katikati ya vidole. Mkono wa pili aliunyoosha juu, kwa kaka yake. Hapakuwa mbali. Waliokuwepo, niliowataja, wote wanasema hapakuwa mbali.

"Achia, Hemedi!" Fundi Abedi alipiga kelele. "Mpe mkono!"

Hemedi hakuwa na mkono wa kumpa. Yote miwili ilikuwa kwenye fimbo. Baadaye aliwaambia wazee kwamba sauti aliisikia, na ndugu yake alimwona, na alitaka kuachia. Alisema aliviamuru vidole vifunguke, na havikufunguka. Nami ninamwamini. Mtu aliyekaza kwa miezi mingi halegezi kwa dakika moja.

Tawakali hakumlaumu wala hakumwita. Alimtazama tu. Maji yakarudi mara ya pili, na yalipoondoka, pale alipokuwa Tawakali palikuwa na mwani peke yake.

Mshipi ulikatwa na makali ya chaza muda mfupi baadaye, na samaki akaenda zake. Mwanahawa alikiokota kisu ndani ya dimbwi, akakifunga katika pindo la kanga yake, na mpaka leo hajampa mtu. Fimbo haikupata hata mkwaruzo. Gurudumu halikuachia hata shubiri moja, kama muuzaji alivyosema.

Nimeulizwa kisu kile ni nini. Sitakieleza. Kila mmoja wenu aliyeketi hapa amewahi kumpa mtu kisu na kumwambia, simama nyuma yangu, tazama miguu yangu. Mwingine alimpa mkewe, mwingine alimpa rafiki, mwingine mdogo wake. Na wengi wenu mnaikumbuka siku mliyomwambia akiache nyumbani. Basi huyo mtu, sasa hivi, amesimama wapi, na mikono yako imeshika nini?

Tawakali bin Kirobo alionekana Jumatano iliyofuata, upande wa kusini wa Kikokwe. Alikuwa amekufa.